Jengo Kwanza, Mtu Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha za Majengo na Watu Mjini

Picha ninazoletewa na wanaojifunza zina ugonjwa mmoja. Jengo limelalia nyuma kama linataka kuanguka chali, anga ni nyeupe pe, na mtu aliyesimama mbele ana uso mweusi ti, jicho halionekani wala tabasamu. Mpigaji alikuwa anatembea, akaona kitu kizuri, akainua simu, akabonyeza, akaendelea na safari yake.

Simu haina kosa hapo. Kilichoharibika ni mpangilio wa kazi. Wengi wanaanza na mtu, wanalikuta jengo nyuma yake kwa bahati, na mwanga wanaukumbuka wakifika nyumbani. Geuza mpangilio huo: anza na jengo, kisha mwanga, kisha mahali pako pa kusimama, na mtu awe wa mwisho kuingia. Jengo halihami. Mwanga utarudi kesho saa ile ile. Mtu anapita kwa sekunde mbili na harudi. Panga mapema vyote vinavyokusubiri, ili yule asiyekusubiri akukute uko tayari.

Mifano yangu ni ya katikati ya Dar es Salaam, mitaa ya Posta, Kisutu na Kariakoo, kwa kuwa ndiko ninakopiga. Ukiwa Mwanza, Mombasa au Bujumbura hatua ni zile zile, mahesabu ya jua tu ndiyo yatabadilika kidogo.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera. Ukiwa na kamera yenye lenzi ya milimita 35 au 50 ni vizuri, lakini simu ya kawaida inatosha kwa kila hatua iliyo hapa.
- Kitambaa laini cha pamba. Ule ukungu unaoonekana kwenye picha za jua la asubuhi, mara nyingi ni mafuta ya kidole chako kwenye lenzi.
- Kamba ya kuvaa mkononi. Simu iliyoinuliwa pembeni mwa barabara ni rahisi kunyakuliwa na mtu aliyepakiwa kwenye pikipiki.
- Dira. Simu nyingi zinayo ndani.
- Daftari dogo na kalamu.
- Chenji ya kahawa, maji au karanga. Hii si ya kuwalipa watu wapigwe picha. Ni ya kukufanya uwe mteja wa kona hiyo kabla hujawa mpiga picha wake.
- Kitambulisho, na nguo ya staha.
- Asubuhi tatu. Usijaribu kumaliza kwa siku moja.

Kabla hujatoka, fungua mipangilio ya kamera na ufanye mambo manne: washa mistari ya gridi, zima flashi, zima kipengele cha kulainisha ngozi, na chagua ubora wa juu kabisa wa picha. Kile kipengele cha kulainisha ngozi kinafuta mikunjo ya wazee, na mikunjo ndiyo sura yenyewe.

## Hatua ya 1: Tembea bila kupiga

Asubuhi ya kwanza simu ikae mfukoni. Tembea mitaa minne au mitano tu. Mimi huwa nawapeleka wanaoanza Mtaa wa Zanaki, Mtaa wa Jamhuri na Mtaa wa India, kwa sababu bado kuna majengo ya ghorofa moja au mbili yenye roshani, nguzo na nakshi, mengine yakiwa na mwaka wa kujengwa umeandikwa juu kabisa kwenye kipaji cha jengo. Wapitaji hawatambui mwaka huo upo. Inua macho.

Unatafuta kona moja yenye sifa tatu: ukuta au mlango wenye kitu cha kutazama, nafasi ya kusimama upande wa pili wa barabara bila kumzuia mtu, na sababu ya watu kupita mbele yake. Sababu inaweza kuwa kituo cha daladala, fundi cherehani, meza ya magazeti au muuza kahawa. Ukuta mzuri usiopitwa na mtu utakuchosha bure.

Sababu ya kutopiga siku hii ni kwamba ukiishika simu, macho yanafuata kila kinachosogea. Ukiiacha mfukoni utaanza kuviona visivyosogea, na hivyo ndivyo unavyovitafuta leo.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika kwenye daftari sentensi moja kama hii: "Kona ya duka la vitambaa, mlango wa kijani, watu wanatoka kushoto kwenda kituoni, nafasi ya kusimama ni kwenye ngazi za mkabala."

## Hatua ya 2: Soma jua la mwezi huo

Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana mafunzo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi ambako jua linapanda taratibu kwa mshazari. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Kwetu jua linapanda karibu wima, takriban digrii 14 kwa saa. Likichomoza saa 12 na robo, ikifika saa 2 na robo tayari limekaribia digrii 30. Kufika saa 3 na nusu, kivuli cha paji la uso kimeshaanza kufunika macho. Yule anayekuambia utoke "asubuhi" bila kutaja saa amekupotosha.

Kwa hiyo muda wako wa jua zuri ni kuanzia linapochomoza hadi saa 2 na nusu hivi, na jioni kuanzia saa 10 na nusu hadi linapozama. Katikati ya hapo ni jua la utosi. Wakati huo fanyia kazi vivuli, nitaeleza baadaye.

Jambo la pili ni upande. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana la Dar linapita kaskazini kwetu. Miezi inayobaki linapita kusini. Mwezi Juni, ukuta unaotazama kusini haupati jua hata dakika moja, tangu asubuhi hadi jioni. Mwezi Desemba ukuta unaotazama kaskazini ndio unaokosa. Nimeona watu wakirudi mara tatu mtaa mmoja mwezi Julai kusubiri jua liupige mlango unaotazama kusini. Halitakuja hadi msimu ubadilike.

Toa dira, simama ukiupa mgongo ukuta wako, soma unatazama wapi, andika. Kisha amua:

Ukuta unaotazama mashariki, upige asubuhi. Unaotazama magharibi, jioni. Unaotazama upande ambao jua linapita msimu huo utapata jua la ubavu asubuhi na jioni, na jua la ubavu ndilo linaloinua nakshi, matofali na mbao za madirisha kwa sababu kila kilichochomoza kinatupa kivuli chake kidogo. Jua likiupiga ukuta usoni moja kwa moja, ukuta unakuwa bapa kama umechorwa kwenye karatasi.

Ukuta usiopata jua kabisa usiudharau. Huo ni wa watu. Chini yake uso wa mtu unapendeza hata saa 6 mchana.

## Hatua ya 3: Jua pasipopigwa

Usipige Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi, mahakama, bandari na mitambo ya serikali, wala askari aliye kazini. Soko la samaki la Feri linavutia sana, lakini ni jirani wa Ikulu ya Magogoni na eneo lote lina ulinzi. Kwa mazoezi ya mwanzo baki mitaa ya ndani. Ukitaka Feri, anzia ofisi ya uongozi wa soko.

Majengo ya ofisi na benki yana walinzi wenye maagizo yao. Mlinzi mmoja aliwahi kunivukia barabara akanitaka nifute kila kitu. Nilimsalimia, nikamwonyesha picha zote, nikafuta zilizoonyesha geti lake, kisha nikamuuliza msimamizi wa jengo anapatikana lini. Wiki iliyofuata nilirudi na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza mimi ni nani na picha ni za nini. Nilipandishwa hadi roshani ya ghorofa ya tatu, na kutoka pale nikapata picha ambayo nisingeipata chini hata ningesimama mwezi mzima. Kubishana na mlinzi barabarani kungenipa nini?

Picha ya mtu ukitaka kuiuza au kuiweka kwenye tangazo, pata ridhaa yake kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria hiyo uso wa mtu ni wake.

## Hatua ya 4: Linyooshe jengo

Jengo linalalia nyuma kwa sababu umeinamisha simu ili upate paa. Kioo cha simu kikilala, mistari ya wima ya jengo inasogeleana juu. Dawa ni kuisimamisha simu wima kabisa, mgongo wake ukiwa sambamba na ukuta, kisha kutumia miguu.

Fanya hivi:

1. Shika simu kwa urefu, usawa wa kifua. Tumia lenzi ya kawaida, ile ya 1x.
2. Linganisha mstari wa gridi na kona ya jengo au fremu ya mlango. Vikienda pamoja, simu imenyooka.
3. Paa likikatika, usiinamishe simu. Rudi nyuma.

Umbali una kanuni rahisi. Ukishika simu kwa urefu bila kuiinamisha, jengo lote litaingia ukisimama mbali kwa kiasi cha urefu wa jengo na robo yake. Jengo la mita 10 linataka mita 12 na nusu, yaani hatua kama 17. Kabla ya kurudi nyuma, geuka uangalie. Usirudi kinyumenyume ukitazama kioo, maana bodaboda anayepita kando ya barabara hajui kama unapiga picha.

Utashtuka kuona karibu nusu nzima ya chini ya picha ni lami na njia. Wengi wanaona ni hasara, wanainamisha simu tena, na wanarudi palepale. Iache. Nafasi ile tupu ndiyo uliyomwandalia mtu. Akipita umbali wa mita 5 kutoka kwako, hatua saba hivi, atachukua takriban robo ya urefu wa picha, na jengo lote litabaki limesimama nyuma yake. Ziada ya chini utaikata baadaye.

Mitaa ya Kisutu ni myembamba, na mara nyingi ukuta wa nyuma utakuzuia kabla hujafikisha umbali huo. Una njia tatu. Nenda kwenye njia panda upige jengo kwa mshazari kutoka kona. Au omba kupanda ghorofa la mkabala, maana kimo cha katikati ya jengo ndicho kizuri kuliko vyote. Au kubali kipande: mlango, dirisha moja, roshani moja. Kipande kilichonyooka kinashinda jengo zima lililopinda.

Lenzi pana ya 0.5x itakushawishi. Kwa jengo tupu itumie ukilazimika, lakini mtu akiwa pembeni mwa picha itamvuta mkono na kichwa kama mpira. Na usikuze kwa vidole viwili. Simu nyingi zikikuzwa hivyo zinakata tu kipande cha picha na kukitanua, ubora unakufa.

Utajua umefaulu pale kona za jengo zitakapokuwa sambamba na kingo za picha, kushoto na kulia.

## Hatua ya 5: Funga mwanga

Kamera inatafuta wastani. Ikiona ukuta mweupe mkubwa inadhani kuna mwanga kupita kiasi, inatia giza kila kitu, na mtu anageuka kivuli. Ikiona mlango mweusi inafanya kinyume, anga inaungua. Na kila mtu mwenye shati jeupe akipita, kamera inabadili mawazo. Ndiyo maana picha tatu za dakika moja zinatoka rangi tatu.

Gusa kwenye kioo sehemu yenye mwanga utakaompiga mtu, shikilia kidole hadi simu ionyeshe kwamba imefunga, kisha teremsha mwanga kidogo kwa kuburuta kidole chini hadi mikwaruzo ya ukuta ionekane. Basi. Usiguse tena.

Mwenye kamera aanze na kasi ya 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 200 kwa jua la asubuhi, na 1/250, f/4, ISO 400 kwenye kivuli. Chini ya 1/250 mguu wa anayetembea utatia ukungu.

Angalizo moja: mtu akiwa kivulini na ukuta nyuma yake uko juani, ni vigumu kupata mpangilio wa kuwaokoa wote wawili. Ama mpige kama umbo jeusi kwa makusudi, ama usogee.

## Hatua ya 6: Subiri

Dakika arobaini, kwenye ngazi zile zile. Hii ndiyo hatua inayotofautisha picha, na ndiyo inayorukwa.

Dakika kumi za mwanzo watu wanakutazama. Anayekatiza mbele yako anainama au anakimbia kuomba radhi. Baada ya hapo unakuwa sehemu ya ukuta. Muuza madafu na baiskeli yake anapita bila kugeuka, mwanafunzi anavuka akila muhogo, mama mwenye kanga anasimama kujifunga vizuri mzigo kichwani. Usiwafuate kwa simu. Simu ibaki pale ulipoinyoosha, wao ndio waingie.

Chagua mapema mahali kichwa cha mtu kitakapotua. Pawe na rangi moja nyuma yake: ubao wa mlango, ukuta uliopakwa, anga. Kichwa kikitua kwenye nguzo ya umeme, nguzo itaota utosini. Kikitua kwenye giza la dukani, nywele zitapotelea humo.

Bonyeza miguu ikiwa imeachana, kisigino cha mbele kinagusa chini. Miguu ikipishana mtu anaonekana ana mguu mmoja. Simu inachelewa kidogo, hivyo bonyeza nusu hatua kabla. Watu wakiwa wawili watatu, subiri hadi kuwe na uwazi kati ya kila mmoja na mwenzake, hata wa kidole kimoja.

Kuna wa kuwaacha wapite: mtoto asiye na mkubwa wake, aliyelala nje, mgonjwa, mlevi, anayelia, na yeyote aliyefunika uso au kukugeuzia mgongo kwa makusudi. Amekwisha kukujibu.

Kati ya picha sitini za asubuhi hiyo, mbili au tatu zikikaa, umefanya kazi nzuri.

## Hatua ya 7: Mwendee mtu

Picha ya mpitaji ni ya mtaa. Picha ya uso ni makubaliano, na makubaliano yanaanza na salamu. Nimeona vijana wenye kamera za bei kubwa wakifukuzwa Kariakoo kwa sababu walitanguliza lenzi.

Kwenye kona moja ya Kisutu kuna mzee wa kahawa. Dele lake la shaba linakaa juu ya jiko dogo la makaa, vikombe kwenye ndoo ya maji, kashata kwenye sahani iliyofunikwa. Nilikaa kwenye benchi lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kahawa?"

Nikanywa viwili. Nikauliza anaanza saa ngapi, akasema kabla ya adhana ya alfajiri anakuwa ameshawasha makaa. Ndipo nikasema: "Mzee wangu, najifunza kupiga picha za mtaa huu. Naomba nikupige ukiwa kazini, na ukuta huo nyuma yako."

"Unaipeleka wapi?"

Hili ndilo swali. Uwe na jibu la kweli kabla hujaulizwa. Nikamwambia nitaiweka mtandaoni, na nitamletea yake ya karatasi.

"Basi subiri kidogo." Nilidhani atavaa kofia vizuri. Alitoa vikombe kwenye maji, akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa, akavipanga mstari mbele ya dele, vishikio vyote vikitazama upande mmoja. Akanyoosha mgongo. "Haya."

Picha ile ina vikombe vile. Mtu anajua anachotaka kionekane kuhusu kazi yake kuliko unavyojua wewe. Ukiombwa kusubiri, subiri.

Kwa rika lako, "Habari za kazi, kaka" au "dada" inatosha. Kwa mama ntilie, "Shikamoo mama, pole na kazi", na usimwendee saa 7 mchana akiwa na foleni ya wateja. Nenda asubuhi anapokuna nazi na kuchambua mchele. Machinga ana sababu nzito ya kuogopa picha: ikionyesha wapi amepanga bidhaa, inaweza kumletea mgambo. Mweleze unachopiga, mwonyeshe kioo, na kama anataka eneo lisijulikane, mpige mikono na bidhaa.

Akikataa, sema "Haya, asante kwa kahawa," umalize kikombe, uondoke. Usimwombe mara ya pili, wala usimpige kwa siri ukiwa mbali.

## Hatua ya 8: Mwangaze uso

Ngozi nyeusi haihitaji mwanga mwingi, inahitaji mwanga mpana. Jua la moja kwa moja linaweka doa jeupe kwenye paji na pua, na kila kilichobaki kinazama. Mwanga mpana unateleza juu ya shavu na kutoa mng'ao mrefu laini unaoonyesha mfupa ulipo.

Unaupata upenuni. Mkalishe au msimamishe mtu hatua moja ndani ya kivuli, chini ya upenu au kibaraza, uso ukielekea barabarani. Ukuta wa mkabala unaopigwa na jua utarudisha mwanga usoni kwake kama taa kubwa. Ukuta mweupe au wa krimu ni bora. Ukuta wa kijani utampaka kijani. Vivyo hivyo turubai la bluu la Kariakoo: chini yake kila mtu anaonekana kama ana homa, na hakuna uhariri unaoiondoa rangi ile kikamilifu. Msogeze ukingoni mwa turubai, uso ukiangalia nje.

Tazama macho yake. Ukiona nukta ya mwanga ndani ya kila jicho, umepapata. Usipoiona, mwombe ageuze kichwa polepole kuelekea barabarani hadi itokee.

Simama umbali wa mita moja na nusu au mbili, tumia lenzi ya 2x kama simu yako inayo. Ukimkaribia kwa 1x, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Gusa shavu kwenye kioo, si paji, funga mwanga, kisha teremsha kidogo ili mng'ao usiungue. Nyuma yake pawe na rangi iliyofifia, njano au bluu ya ukuta wa zamani. Mbele ya mlango wa mbao nyeusi, kichwa kitayeyuka humo.

Piga picha chache. Kisha mpe simu aone.

## Hatua ya 9: Chagua na safisha

Usichague siku ile ile. Ukiwa bado unakumbuka jasho la kuipata picha, kila picha ni nzuri. Lala, kesho ufute.

Kwenye Snapseed, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye simu, nyoosha mistari iliyobaki imepinda kidogo, kata lami iliyozidi chini, ongeza utofauti kidogo wa mwanga na giza. Vivuli usivivute hadi ngozi iwe ya kijivu. Usimng'arishe mtu awe mweupe kuliko alivyo. Akiiona picha yake ajikute.

## Hatua ya 10: Andika, chapisha, peleka

Kwa kila picha unayoibakiza andika mtaa, kona, tarehe, saa, upande wa dira, na jina la mtu kama ameruhusu. Usiseme utakumbuka. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021. Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Unguja, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Picha ya kawaida ya jengo, iliyopigwa wiki moja kabla ya ajali kama hizo na kuandikwa tarehe, inakuwa kitu cha kuonyesha nguzo ilikuwa wapi na dirisha lilifunguka upande gani. Bila tarehe na mahali, ni ukuta tu.

Kisha chapisha. Picha moja ya ukubwa wa kiganja kwenye studio ya mtaani si gharama kubwa. Ipeleke wewe mwenyewe, ndani ya wiki mbili, kama ulivyoahidi.

Mzee wa kahawa aliishika yake kwa kingo, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga, akahesabu vikombe kwa kidole. Akamwita fundi cherehani wa mlango wa pili aje aone. Fundi akaitazama, akanitazama mimi, akarudi dukani kwake akaanza kuondoa vitambaa vilivyozagaa mezani. Akanisogezea kiti upenuni.